Matembezi ya siku ya Mungu kando ya Tshopo

Kisangani. Siku ya Mungu iliyopita nilimpeleka mama mdogo kutembea kwenye bustani ya wanyama, kando ya mto Tshopo. Yeye ndiye aliyeniomba. Nilishangaa, maana tangu Juni 2000 hakuwa amekanyaga pale, na nyumba yake haiko mbali.

Tulipanda toleka, baiskeli tatu, yeye, mimi na kijana wangu. Ndani tulitembea polepole, kwa mwendo wa mguu wake wa kushoto, ule wenye kipande cha bomu ambacho waganga walikiacha humo. Anayeijua bustani ya zamani atasikitika, vizimba vingi havina kitu. Kijana aliuliza mara tatu: «Papa, nyama iko wapi?» Mara ya tatu bibi yake akamjibu: «Tulikula.» Sikujua kama anatania.

Lakini kivuli kipo, tena kizuri, na maji ya Tshopo yanaunguruma karibu na kituo cha umeme. Vijana walikuwa wanapiga picha, wanakwaya wamekuja na nguo zao za misa, mama mmoja anauza karanga na kwanga. Mimi naipenda bustani hii hata bila wanyama. Mjini kwetu mahali pa kukaa bure chini ya mti pamebaki pachache.

Daraja lilipoonekana, mama mdogo akasimama. Kwa wasomaji ambao hawakuwa wamezaliwa: kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, mpaka Waganda wakarudi nyuma ng'ambo ya Tshopo. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka mjini, na raia kwa mamia walikufa. Umeme ulikatika, maji pia. Siku ya nne baba mdogo alichukua bidoni akashuka mtoni kuchota. Hatukumwona tena, yeye wala bidoni.

Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda iilipe Congo dola milioni 325. Mama mdogo alijiandikisha kama wengine. Wakamwomba cheti cha kifo. Nani alikuwa anaandika vyeti wiki ile?

«Safari hii wameniuliza alikufia wapi,» akaniambia pale pale. «Nikasema, mtoni. Wakaniuliza, mtoni sehemu gani. Mwanangu, nilinyamaza kama mwongo.»

Kumbe ndiyo sababu ya matembezi yetu.

Alitazama ukingo wote, bila haraka, mpaka nikafikiri amechoka. Halafu akanyoosha kidole kwenye kijia kinachoshuka kati ya majani, ambapo wamama wawili walikuwa wanapanda na ndoo kichwani. Wakati ule, akasema, watu wa mtaa wake walikuwa wanachotea hapo. Hakuna njia nyingine ambayo angepita.

«Andika,» akaniambia. Nikaandika kwenye simu: kijia, upande wa bustani, chini ya mti mkubwa uliolalia maji. Akataka nimsomee. Nikamsomea mara mbili.

Baadaye akanunua karanga za franka mia tano, akakaa kwenye mzizi, akamwita kijana aje ale. Tulirudi nyumbani jua likizama. Kesho asubuhi anaenda tena ofisini.