Betri ya Miezi Saba

Msomaji mwenzangu, kama una mtoto chuoni na unafikiri kumnunulia kompyuta, kaa kidogo nikueleze yaliyonipata. Mimi nilidhani kununua ni kutoa fedha na kupokea kitu, basi.

Mimi ni mama mkulima wa kahawa huku Mbinga. Baada ya malipo ya msimu, binti yangu anayesomea ualimu Songea aliniomba kompyuta ya kupakata, ile waiitayo laptopu. Nikatoa shilingi 1,150,000. Hiyo ndiyo iliyokuwa kahawa yetu yote, ukiisha kuondoa mbolea na vibarua. Bati za jiko zikangoja. Tuliichukua dukani Songea ingali ndani ya boksi lake, gundi haijabanduliwa. Kijana muuzaji akasema, "Mama, hii ina waranti ya mwaka mmoja, na betri yake inakaa muda wa saa sita." Nami nikafurahi, kwa kuwa kwetu umeme hukatika bila kubisha hodi, na kompyuta isiyo na betri ni sawa na tochi isiyo na mawe.

Mwanzoni maneno yake yalikuwa kweli. Halafu saa sita zikawa nne, nne zikawa mbili. Mwezi wa saba binti alikuja likizo akiandika taarifa ya mazoezi yake ya kufundisha. Usiku mmoja umeme ukakatika, kompyuta ikaonyesha kwamba betri bado ina asilimia 30, naye akaendelea kuandika. Ghafla ikazima kama mshumaa uliopulizwa. Kurasa mbili zikapotea. Alilia, nami nilikasirika, sijui kwa nani.

Asubuhi tukaenda kwa mwalimu mmoja kijana, jirani yetu. Akafungua kile kidirisha cheusi cha amri, akaandika powercfg /batteryreport, na kompyuta yenyewe ikatoa taarifa ya betri yake. Mimi sikujua kwamba kitu hicho kimo humo, wala hakidai fedha. Kumbe betri ilitoka kiwandani na uwezo wa 41,000, na sasa hata ikijaa kabisa haishiki zaidi ya 25,800. Zaidi ya theluthi moja imekwisha! Chini yake kuna hesabu ya mizunguko, yaani mara ngapi betri imetumika kiasi cha kuijaza na kuimaliza. Ilikuwa 71 tu. Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema betri za namna hii, za lithiamu, kwa kawaida huenda mizunguko 300 mpaka 500 ndipo zishuke kufika asilimia 80 hivi.

Nikamwuliza, imechakaaje basi? Akanieleza vizuri, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Betri hii haichakai kwa kutumika tu, huzeeka hata ikiwa imelala. Ndani yake mna utando mwembamba, ambao unene wake huongezeka pole pole, na kila unapoongezeka humeza sehemu ya ile lithiamu inayobeba umeme. Joto huuharakisha, na kukaa imejaa pomoni siku nyingi huuharakisha vile vile. Tena ikiachwa ghalani mpaka ikauke kabisa, huharibika kwa njia nyingine. Ndiyo maana wajuzi huihifadhi ikiwa nusu, mahali pa baridi. Akaigeuza kompyuta, akasoma kibandiko cha chini. Ilikuwa imetengenezwa miaka miwili kabla hatujainunua. Mpya ilikuwa mpya, lakini ilikuwa imezeekea katika boksi.

Shemeji yangu aliposikia nakwenda Songea akanipa shauri. "Waambie ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Ukieleza mnavyoitumia watakufukuza." Shauri hilo lilinisumbua njia nzima, karibu kilomita 100, maana sisi nasi hatukuwa safi. Mbinga kuna baridi. Binti huiweka juu ya blanketi akiwa kitandani, tundu za kupumulia zikazibwa, nayo huwa moto kama pasi. Usiku huiacha kwenye chaja mpaka asubuhi.

Dukani yule kijana akanionyesha maneno yaliyopigwa muhuri nyuma ya risiti zake: bidhaa ikishauzwa haipokelewi. Nikamwambia, "Mwanangu, sirudishi bidhaa, nataka waranti uliyonitajia kwa kinywa chako." Akacheka, lakini akapiga simu kwa wakala wa kampuni huko Dar es Salaam, akasoma namba ya kompyuta. Jibu likaja kwamba waranti imekwisha zamani! Wao walikuwa wakihesabu tangu ilipotoka kiwandani, si tangu nilipoinunua. Wakataka risiti.

Risiti nilikuwa nayo, nimeikunja katika kopo la chai. Nilipoikunjua nikaishiwa nguvu. Karatasi zile za mashine hufifia, na tarehe ilikuwa haisomeki hata kidogo. Lakini chini yake palibaki ile alama ya vijiraba vyeusi. Kijana akaimulika kwa simu, na tarehe, bei na jina la duka vikatokea kutoka kwa watu wa kodi, vyote vimetimia. Tangu siku hiyo kila risiti yangu naipeleka kutolewa kopi. Mwalimu alikuwa ameniambia pia kwamba nikikataliwa kabisa iko Tume ya Ushindani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, mnunuzi hupeleka malalamiko yake huko. Sikufika huko.

Maana fundi wa Dar alitaka kusema nami mwenyewe. Akaniuliza, "Mama, mnaitumiaje?" Moyo ukanidunda. Nikaona bati zangu za jiko, nikaona shauri la shemeji. Nikamwambia yote, blanketi, chaja ya usiku kucha, na kwamba miezi mitatu ya kwanza ilikaa vizuri. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza mizunguko mingapi. Nikasema 71. Akaniambia blanketi ni kosa, tuache, lakini blanketi la miezi saba haliwezi kula theluthi ya betri yenye mizunguko 71. Akaagiza tuipeleke kwa basi.

Usidhani mambo yalikwisha siku ile. Ilikaa Dar wiki tano. Binti akamaliza taarifa yake katika chumba cha kompyuta chuoni, akipanga foleni alfajiri. Nauli zangu hakuna aliyezirudisha. Lakini iliporudi tuliandika ile amri hapo hapo dukani, kabla ya kutia sahihi: 41,000 kwa 41,000, mizunguko 1.

Kabla sijatoka nilimwuliza yule kijana kuhusu maboksi mengine yaliyopangwa rafuni, karibu na dirisha, jua linayapiga tangu asubuhi. Hakunijibu. Lakini nilipokuwa navuka barabara kwenda stendi niligeuka, nikamwona amepanda kigoda, anayageuza moja moja na kusoma tarehe.