Darubini ya Montana, majivu ya Rungwa
Msimu wangu wa kwanza kuwinda hapa Montana, mfanyakazi mwenzangu alitembea dakika 20 tu, akaketi. Akachomoa darubini kifuani, akaegemeza viwiko magotini, akaanza kupekua mteremko wa ng'ambo, kichaka kwa kichaka. Saa nzima. Mimi mtoto wa Itigi nikajiuliza: sasa tunawinda saa ngapi?

Baba mdogo alikuwa msoma nyayo kwenye kambi za uwindaji wa kitalii, Pori la Rungwa. Yeye macho yake yalikuwa chini: kwato, nyasi iliyolala, kinyesi chenye joto. Mkononi ana soksi kuukuu ya majivu. Anaitikisa kidogo, anajua upepo unakoelekea. Darubini ilikuwa ya mwindaji bingwa, ikining'inia shingoni na kugonga vifungo vya shati.

Huku wengi wanabeba 10x42: inakuza mara 10, lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Gawa 42 kwa 10, unapata 4.2, upana wa mwale unaofika jichoni. Ile ya 8x42 inatoa zaidi ya 5, kwa hiyo kwenye giza la alfajiri inaona vizuri zaidi, na haitikisiki sana. Muuzaji alinisukumia ya 12. Mlima mzima ukacheza ngoma. Ya jicho moja inaingia mfukoni, sawa, ila jaribu kuitazamia nusu saa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuinua bunduki nitazamie lenzi yake. Nilikaripiwa papo hapo: unachokitazama kinaweza kuwa mtu.

Nilipompigia baba mdogo kumwamkia, nikamsimulia habari za kuona mbali. Akacheka. "Mwanangu, kwenye miombo darubini ni ya karibu. Nyati yuko hatua 50 na humwoni. Unazungusha kile kigurudumu polepole, majani ya mbele yanafifia, ya nyuma yake nayo yanafifia, mara unaona sikio linafukuza mbung'o."

Mwaka huu nimefunga darubini kifuani kwa mikanda minne kama wenyeji, na mfukoni nina soksi ya majivu ya jiko. Tuliwaona elki watano, mbali, wametulia. Mwenzangu akatafuta kichupa chake cha poda ya upepo, hakipo. Nikaitikisa soksi. Majivu yakaenda moja kwa moja kwa elki. Tukainuka kimya, tukaanza kuzunguka mlima.