Fanusi za Wahaka na Karabai za Ziwa Letu

Nilikuwa nimekwisha kukaa Guangzhou miaka sita, nikinunua vipuri vya injini za boti kwa niaba ya wafanyabiashara wa Mwanza na Musoma, na muda wote huo sikuwahi kuona ndani ya nyumba ya mwenyeji hata mmoja, kiasi cha kwamba sisi Waswahili wa mtaa wa Xiaobei tulikuwa tumekwisha kukata hukumu, kama wakatavyo wageni wa kila nchi, kwamba Mchina hamkaribishi mtu kwake: humlisha mkahawani, akamlipia, wakaagana mlangoni. Hukumu hiyo ilitanguka siku mwenye karakana mmoja, Mhaka wa wilaya ya Lianping, kaskazini mwa jimbo la Guangdong, aliponiambia kwamba amejaliwa mjukuu wa kiume, na kwamba ukoo mzima unarudi kijijini kumtundikia taa. Nikamwuliza, kwa nia njema kabisa, kama umeme wa huko umekatika. Alicheka hata akakohoa, kisha akasema nifuatane naye nikaone.

Wahaka, ambao jina lao katika lugha yao lina maana ya wageni, ni Wachina wa jamii ya Han ambao wahenga wao waliihama kaskazini karne baada ya karne, kwa vita na njaa, hata walipofika kusini wakakuta mabonde yenye rutuba yamekwisha kuwa na wenyewe. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao walipewa jembe pamoja na mlima. Watu waliofika mahali pasipo na kaburi la babu yao hulithamini daftari la nasaba kuliko shamba, na jumba la ukoo, ambamo vibao vyenye majina ya marehemu hupangwa kwa daraja, ndilo kitovu cha kijiji chao.

Taa za mwaka mpya ni za Wachina wote. Usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao, mwezi ukiwa mpevu, huwasha fanusi, na asili ya jambo hilo husemwa kuwa ni tangu enzi ya Han, miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Lakini Wahaka wamelitia lao. Katika lugha yao taa huitwa den, na mwanamume ahesabiwaye katika ukoo naye huitwa den, sauti ile ile. Kwa hiyo kupandisha taa ni kuongeza mwanamume, na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka huu hutundikiwa fanusi yake mwanzoni mwa mwaka ujao, katika siku zinazoukaribia ule mwezi mpevu, kila kijiji na tarehe yake. Mtu aliyelelewa kwa mafumbo ya Kiswahili haoni ajabu kwamba sauti moja ya neno yaweza kubeba sherehe nzima.

Fanusi yenyewe, ambayo mafundi wa mji mdogo wa Zhongxin katika wilaya ile wana sifa kwayo, ilikuwa na kiunzi cha fito za mianzi zilizopasuliwa nyembamba, nacho kimevikwa karatasi za rangi, maua ya karatasi, nakshi zilizokatwa kwa mkasi, na shada zinazoning'inia pande zote, hata ukiitazama kwa mbali waona kama kijumba cha ghorofa kilichokusudiwa kukaliwa na ndege. Ililetwa kwa vishindo vya ngoma na matoazi. Mzee wa ukoo akashika kamba iliyopitishwa juu ya boriti, akaanza kuivuta, pole pole mno, na kila ilipopanda kidogo watu wakapaza sauti. Kamba ikakwama mara moja, kijana akapanda ngazi akaitengeneza, na nyuso za wanawake zikanyong'onyea mpaka ilipokwenda tena. Fataki zikalipuka uani, jina la mtoto likaandikwa daftarini, na karamu ikafuata pamoja na mvinyo wa mchele. Mimi nikaletewa chai, wala hapana aliyeniuliza sababu.

Mzee yule aliniuliza jambo jingine, mwenyeji wangu akitafsiri: una watoto wangapi? Nikasema mmoja, binti. Akatikisa kichwa kwa upole, akanijazia kikombe, akasema: basi taa bado.

Nakiri kwamba neno hilo lilinikaa kooni njia nzima ya kurudi Guangzhou, na nilikuwa tayari kuandika makala ya kuwalaumu Wahaka na wahenga wao. Nikajizuia, kwani nilikumbuka kwamba nyumbani kwetu akika ya mvulana ni mbuzi wawili na ya msichana mmoja. Kadhalika nilimkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambamo mke huchukuliwa na wazazi wake kwa masimango ya ugumba. Kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye akafariki mwaka 1981. Tofauti ni kwamba kwao kuwa mwanamume wa ukoo kuna matokeo hata ya kisheria: huko Hong Kong, tangu mwaka 1972, mwanamume wa vijiji vya asili vya New Territories, ambavyo vingi ni vya Wahaka, ana haki ya kuomba kujenga nyumba moja maishani mwake, na nyumba hiyo huitwa kwa neno lile lile la mwanamume wa ukoo. Binti hana. Hata hivyo mwenyeji wangu aliniambia kwamba vijiji vingine siku hizi huwatundikia na mabinti, ingawa wazee huguna.

Na sisi wa Ziwa Nyanza tuna taa gani? Tunazo, tena nyingi kuliko zao, ila hakuna aliyewahi kuziita desturi. Ukiwa kisiwani Ukara au Kome usiku wa giza, utaziona karabai za wavuvi wa dagaa zimetandazwa majini kama mji uliohama nchi kavu: kila moja juu ya chelezo chake, tungi limejazwa mafuta ya taa na kutiwa upepo kwa pampu, nayo ikivuma sauti ile nyembamba ambayo mtoto wa mwaloni, yaani wa ufukwe wa wavuvi, huijua kabla ya kujua adhana. Siku hizi taa za betri na za jua zinazirithi, na uvumi huo unapotea. Dagaa hukusanyika chini ya mwanga, wavu huzungushwa, na asubuhi huanikwa mchangani, kisha hupelekwa soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza, ambako wanunuzi hutoka hata Kongo.

Basi hapa ndipo mila mbili hizi zinapopeana mgongo. Mhaka huwasha taa yake mwezi ukiwa mpevu. Mvuvi wetu wakati huo huzima, kwa sababu mwanga wa mbinguni umeishinda karabai na dagaa wametawanyika, mitumbwi imelala, nyavu zinashonwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, harusi na karamu za watu wa mwaloni aghalabu huwekwa siku za mbalamwezi, wanaume wakiwapo. Mjomba wangu, mwenye mitumbwi miwili, alinieleza haya nilipompigia simu kumwambia kwamba naja likizo na fanusi ya Zhongxin iliyokunjwa ndani ya sanduku, na kwamba nataka kumtundikia binti yangu. "Njoo mwezi ukiwa mpevu," akasema, "kukiwa giza hutampata mtu."

Tukaitundika kwenye mwembe wa uani Kirumba. Mama aliizunguka mara mbili, akauliza inakula mafuta kiasi gani, nikamwambia haili, ni ya betri. Binti yangu alikuwa na miaka saba, na kamba aliivuta mwenyewe.