Joto la Karabai

Wahenga walinena kwamba mazoea yana taabu, na mvuvi mmoja mzee wa Mbita ni shahidi wa kauli hiyo. Tangu ujana wake aliingia katika Ziwa Viktoria nyakati za usiku, mwezi usipoonekana, akivua omena kwa karabai nne. Kila moja ilikalishwa juu ya chelezo na kuachwa ielee. Wadudu waliujia mwanga, omena wakawafuata wadudu, na wavuvi wakawazingira omena kwa wavu. Katikati ya kazi hiyo mzee alikuwa na desturi ya kuikurubia karabai moja na kuipasha mikono joto, kwani baridi ya ziwani saa tisa za usiku si ya mzaha. Aliupenda na mvumo wake. Aghalabu alisema kwamba taa isiyovuma imekwisha kufa.

Mafuta ya taa aliyachukua dukani kwa mkopo. Alilipa kwa omena, kwa bei aliyoitaja mwenye duka, tena kabla ya wenzake watatu kugawana chochote. Usiku wa neema deni lilipungua. Usiku ambapo maji yaliirukia karabai na kukipasua kioo chake, deni lilipanda. Mnamo Septemba 2018, serikali ya Kenya ilipoanza kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta hayo ili kukomesha uchanganyaji wake na dizeli, deni liliota mizizi.

Mwanawe ndiye aliyeuza baiskeli akanunua taa mbili za LED, zenye betri ya kuchajiwa mchana kwa nguvu za jua.

"Baba, miaka yote hii tumekuwa tukinunua joto."

"Joto gani, mwanangu? Mimi nanunua mafuta."

"Hilo unalopashia mikono. Omena hawaji kuota moto."

Kijana hakukosea. Karabai huunguza mafuta ili kile kitambaa chake chembamba kipate moto hadi king'ae. Nuru ni sehemu ndogo tu ya joto jingi. Balbu ya kale ya umeme ni ndugu yake: katika kila sehemu 100 za umeme inaoutumia, zipatazo 5 tu ndizo huwa nuru. LED haipitii motoni. Ndani yake mna chembe ya madini ambayo, umeme unapoipitia, hutoa nuru moja kwa moja. Ndiyo maana LED ya wati 9 hivi huangaza sawa na balbu ya kale ya wati 60. LED nyekundu ilipatikana mwaka wa 1962. Iliyokosekana kwa takriban miaka 30 ni ya samawati, maana nuru nyeupe hupatikana kwa kuipitisha samawati katika unga wa manjano. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, mzaliwa wa Japani, walituzwa Nobeli ya Fizikia mwaka wa 2014 kwa kuivumbua.

Mzee hakusalimu amri mara moja. Usiku wa kwanza alielea na karabai mbili na LED mbili, akizitazama kama mtu mwenye wake wenza. Mawimbi yalizirukia taa mpya zisipasuke. Mwanga wake ulielekea majini, ilhali karabai ziliimulika na mbingu isiyo na samaki. Hata hivyo, wanaodai kwamba taa hizi huleta omena zaidi wanatia chumvi. Mapambazuko yalipofika, ndoo zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni hesabu ya ufuoni.

Baada ya miezi kadhaa alikwenda dukani. Kwa mazoea, mwenye duka alikwisha kuinua mtungi wa mafuta.

"Sukari kilo moja na majani ya chai," mzee alisema, akaweka noti mezani.

Siku hizi huingia ziwani na chupa ya chai moto. Mikono huishika wakati wa baridi, na wenzake hupewa kikombe kimoja kimoja.