Udongo Mwekundu wa Gusii na Msitu Uliotoweka

Anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Kisii kupitia Narok, Bomet na Sotik huuona udongo kabla ya kuuona mji. Ukishapita Chebilat na kukaribia Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, kingo za barabara huwa nyekundu kama matofali yaliyochomwa. Juu yake kumesongamana majani chai, migomba, mahindi na nyumba za mabati. Mgeni anaweza kudhani nchi hii ilikuwa shamba tangu jadi. La hasha! Sehemu kubwa ya milima hii ilikuwa msitu.

Udongo huu ulitoka wapi? Wanafunzi wamesoma kwamba kaskazini mwa Marekani na Kanada, barafu nene ilifunika nchi zama za kale, ikasaga miamba na kuacha mchanga, mfinyanzi na kokoto. Baadaye miti ya mbao ngumu ikaota juu yake. Barafu ya aina hiyo haikufika Kisii. Hata ile ya Mlima Kenya ilibaki juu mlimani. Udongo wa Gusii ulizaliwa papo hapo: miamba ya volkano ya kale mno ilioza polepole kwa joto na mvua, ikawa udongo mwekundu wenye kina kirefu, usiotuamisha maji.

Ukitaka kuona kazi ya mwamba, tazama ukingo wa Manga huko Nyamira. Mwamba wake ni mgumu, haukuoza upesi, na udongo wake ni haba. Chini yake, mwamba ulipokuwa laini, jembe huzama bila kugonga jiwe. Mabondeni kuna udongo mweusi wa kunata.

Mvua hapa hupita milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi. Ndiyo iliyokuza miti kama omosocho na omoiri, mti wa mbao ngumu ambao gome lake hutafutwa ng'ambo kutengenezea dawa ya maradhi ya tezi dume. Lakini mvua hiyo hiyo huyeyusha virutubisho na kuvipeleka chini, na udongo hugeuka kuwa wenye asidi. Rutuba iliyobaki imo zaidi katika tabaka la juu, lililolishwa na majani ya miti kwa karne nyingi. Msitu ulikuwa ukijilisha wenyewe.

Abagusii walipohamia milima hii walifyeka msitu kidogo kidogo, wakapanda wimbi na kufuga ng'ombe. Katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika wa Kisii na Meru kupanda kahawa. Baadaye zikaja pareto na chai. Chai ilipata makao mema, kwa kuwa hupenda asidi na mvua. Tena, shamba la chai lililofunga vizuri huzuia mvua kuupiga udongo, karibu kama msitu ulivyofanya. Mahindi hayawezi kazi hiyo: mvua za kwanza huyakuta yakiwa machanga na ardhi ikiwa wazi.

Udongo mzuri ulivuta watu, na watu wakaongezeka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kule Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Baba hugawia wanawe, nao hugawia wao, hadi shamba linabaki kipande chembamba kinachoteremka kutoka barabarani hadi mtoni. Miti mingi unayoiona leo ni mikaratusi. Hukua haraka, huuzwa kwa kuni na nguzo na kulipa karo, basi mkulima ana sababu yake. Ila ikipandwa kwenye chemchemi hunywa maji mengi, ndiyo maana kanuni za kilimo za 2009 ziliikataza mahali pa majimaji na kumtaka kila mkulima atenge asilimia 10 ya shamba kwa miti.

Mvua ikinyesha sana, simama kwenye daraja la Mto Gucha utazame. Maji mekundu yale ni tabaka la juu la mashamba, likielekea Ziwa Victoria. Mbolea ya dukani hurudisha kidogo tu. Udongo uliochukua maelfu ya miaka haurudi kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo wewe wa mjini mwenye kipande kule nyumbani, ukienda Desemba usikague nyumba pekee. Shuka hadi mtoni. Uliza kama kuna matuta na nyasi ya nepia kukinga mteremko, na kama kando ya maji pamepandwa miti ya asili. Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hii ya Gusii hupita chini ya daraja kila masika.