Ng'ambo ya Ruvuma ni Wapi?

Safari ya Mtwara ni safari ya kwenda kusini, na maana ya neno hilo utaielewa vyema ukiwa huko huko. Kusi ni upepo. Huvuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, kama kaskazi ivumavyo kutoka upande wa pili tangu Desemba hadi Machi. Wazee wetu wa pwani walizipa pande mbili za dunia majina ya pepo zilizosukuma vyombo vyao. Na chomboni hawakutegemea kulia na kushoto tu. Walikuwa na joshini, unakotoka upepo, na demani, unakoelekea. Tanga likigeuzwa, joshini huwa demani, ingawa ubao ni ule ule.

Maji nayo yana lugha yake. Mwingereza huyafanya msafiri: huingia, hutoka. Kwetu hujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, yakipwa huacha mchanga na matumbawe wazi, na akina mama huteremka kwa miguu kutafuta pweza.

Lakini utajiri mkubwa umo katika silabi tatu ndogo: po, ko na mo. Mvuvi aliyetoka Mikindani "yupo Msangamkuu" ikiwa asemaye anapajua hasa mahali alipo. "Yuko Msangamkuu" ikiwa ni huko huko tu. "Yumo chomboni" ikiwa amezungukwa na mbao. Hayo si madoido ya walimu wa sarufi. Chombo kinapochelewa usiku wa kusi kali, waliosimama ufukweni huisikiliza silabi hiyo kabla ya habari yenyewe. "Wapo" huutuliza moyo. "Wako" huuacha ukining'inia.

Kimakonde kina pa, ku na mu zile zile, ila huzitanguliza mbele ya jina: kaya ni maskani, kukaya ni nyumbani. Sisi tumeweka "-ni" mwishoni, na tofauti tumeificha mpaka neno lifuatalo liifichue: nyumbani pake, nyumbani kwake, nyumbani mwake. Anayefanya haraka huzichanganya zote tatu, jambo la kusikitisha.

Sasa tufike Ruvuma. Ng'ambo ni ukingo ule ambao msemaji hayupo. Kila mmoja huuita wa mwenziwe hivyo. Wamakonde wako kingo zote mbili. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno, pasipo kumwuliza yeyote kati yao, waliafikiana kuufanya mto huu mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakaitwaa Kionga, kusini mwa mlango wa mto, na mwaka 1916 Wareno wakaitwaa tena. Ramani zikabadilika, mto ukaendelea kuvukwa kwa mitumbwi, viboko na mamba wakitazama.

Tarehe 25 Septemba, 1964, FRELIMO ilianza vita vya ukombozi huko Chai, katika Cabo Delgado. Maelfu ya watu waliukimbia ukatili wa Wareno na kuvukia kwetu. Aliyevuka usiku alikuwa akielekea ng'ambo. Kulipopambazuka, alipogeuka na kutazama alikotoka, ng'ambo palikuwa kwao.

Basi ukifika Kilambo, ukingoni, ukaulizwa uendako, usijibu "ng'ambo" tu. Taja kijiji.