Majina Ndani ya Magombo

Ukabaila wa Ulaya haukuwa upanga na farasi peke yake, kama unavyosawiriwa aghalabu katika hadithi za mashujaa. Kwa mkulima mnyonge wa Uingereza katika karne ya 13, ukabaila ulikuwa ni jina lake ndani ya gombo la ngozi lililoandikwa na karani wa bwana. Kwa desturi iliyohifadhiwa humo, alilazimika kulima konde la bwana siku kadhaa za juma bila ya ujira. Hakuweza kumwoza binti yake ila kwa kulipa kwanza. Na alipokufa, bwana alichukua mnyama wake aliye bora. Kuhama hakuruhusiwa. Ardhi haikuwa yake. Yeye ndiye aliyekuwa wa ardhi.

Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza kupitia pwani ya kusini, na katika muda wa miaka miwili hivi ikafyeka baina ya thuluthi na nusu ya watu. Mashamba yakabaki yale yale, lakini mikono ya kuyalima ikawa haba. Kibarua aliyenusurika akaweza kutaja bei ya jasho lake, na bwana akalazimika kumsikiliza. Bunge likajibu kwa Sheria ya Vibarua ya mwaka 1351, iliyoamuru ujira urudi pale ulipokuwa kabla ya tauni. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu walikwisha kuijua thamani yao.

Ikafuata kodi ya kichwa ya mwaka 1380, iliyokadiriwa kwa peni 12 kwa kila mtu aliyepindukia umri wa miaka 15. Mwaka uliofuata watu wa Essex na Kent wakainuka, wakiongozwa na Wat Tyler pamoja na padri John Ball. Hapa wapenzi wa ushairi wanalo la kukumbuka. Barua zinazonasibishwa na Ball, zilizopita mkono kwa mkono baina ya waasi, zilikuwa na vina, na zilimtaja Piers mkulima, mhusika wa shairi refu la William Langland. Shairi lilikwisha kumtoka mtunzi wake, likaingia vinywani mwa walioshika majembe.

Waasi waliua, naam. Askofu Mkuu Simon Sudbury alikatwa kichwa jijini London. Lakini huko mashambani walikopita, walichokitafuta mno ni magombo. Huko St Albans na kwingineko waliyatoa makabatini wakayatia moto. Wengi wao hawakujua kusoma, walakini walijua vyema mahali ilipofungwa kamba iliyowashika.

Tarehe 14 Juni 1381, pale Mile End, Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, aliwakubalia kuwa huru, na makarani wakaketi kuandika hati za uhuru huo. Siku ya pili yake Tyler aliuawa Smithfield mbele ya mfalme. Mwanzoni mwa Julai hati zikabatilishwa, na katikati ya mwezi huo Ball akanyongwa. Ahadi ya mfalme haikutimiza mwezi.

Je, walishindwa? Kwa maandishi, walishindwa. Lakini kule makondeni mambo yalikwenda njia nyingine. Mkulima aliyetoroka alipokewa kwa jirani bila ya kuulizwa sana, kwani kila bwana alihitaji mikono. Mabwana wakaanza kuyakodisha makonde yao, kazi ya lazima ikageuka kodi ya fedha, na mkulima akapewa nakala ya yale yaliyoandikwa juu ya kiunga chake ndani ya gombo. Kufikia mwaka 1500 utumwa ule wa ardhi ulikuwa karibu umetoweka, wala hapakuwa na sheria ya Bunge iliyoufuta. Mwaka 1574 Malkia Elizabeth I aliwaruhusu wachache waliosalia katika ardhi zake kujikomboa kwa malipo.

Isidhaniwe kuwa tauni peke yake ndiyo iliyowakomboa. Mashariki ya Ulaya mabwana waliikaza kamba hiyo hiyo katika karne zilizofuata, na huko Urusi haikukatwa hadi mwaka 1861. Uhaba wa watu ulifungua mlango. Kupita mlangoni kulitaka watu wenye kukataa, wakidai ujira, wakihama usiku, wakigoma kulima konde la bwana.

Wala uhuru haukuja mtupu. Palipokuwa na faida katika sufu, wakulima walifukuzwa ili kondoo wapate malisho, na aliyekuwa amefungwa na ardhi akajikuta hana ardhi. Ndiyo maana ile nakala ikawa na thamani kubwa. Babu alikuwa tayari kufa ili gombo liteketee; mjukuu aliihifadhi nakala ya gombo sandukuni kama mboni ya jicho, kwani siku ya mashitaka ndiyo iliyokuwa shahidi wake kuwa kiunga ni chake.